Udi Kwenye Glasi za Mvinyo wa Italia

Jumamosi, mwanzo wa Juni, saa kumi na moja jioni. Kipupwe kimeanza, upepo unaingia dirishani na kutoka kama uko kwao. Nimekaa kwenye mkeka, moyo unanienda mbio kama nimepanda ngazi za ghorofa tatu na ndoo ya maji kichwani.

Nina furaha na nina aibu, zote kwa pamoja.

Nianze na mume wangu, maana siku hizi kila kitu naanza naye. Leo tumetimiza miezi miwili na wiki moja ya ndoa. Najua watu huacha kuhesabu wiki mapema. Mimi sijaacha. Bado nikiona viatu vyake mlangoni vimeegemeana na vyangu nacheka peke yangu. Bado muuza nazi wa hapa chini akiniita "shemeji" nachelewa kuitika, nadhani anamwita mwingine.

Godlisten wangu, mimi namwita Godi, anafanya kazi kwenye ghala la kampuni moja inayoingiza mvinyo kutoka Italia, njia ya kwenda bandarini. Miaka minne amekuwa akishusha maboksi kutoka kwenye kontena, anayapanga, anayapakia kwenye magari. Anajua boksi lipi likae juu ya lipi. Mvinyo wenyewe una ladha gani, hajawahi kuulizwa.

Na mgongo wake umechoka. Kila jioni namkanda kwa mafuta ya nazi, na kuna mahali karibu na kiuno nikipagusa anavuta pumzi na kunyamaza. Ananyamaza ili nisijue. Najua. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kubeba, ataacha kubeba kwa lazima. Ana miaka thelathini na moja.

Kwa hiyo bosi wao alipotangaza kwamba anataka mtu mmoja kutoka ghalani awe muuzaji, avae shati la pasi na kuzunguka mahotelini na madukani akieleza mvinyo, sisi wawili hatukulala vizuri siku tatu. Bosi ni mama mtu mzima, asiyecheka ovyo. Waliojitokeza ni wawili, Godi na mwenzake Deus. Kila mmoja akapewa chupa sita zilizolowa safarini, lebo zimechanika, haziuziki. Mama akawaambia: nendeni nazo nyumbani mkazijue. Jumamosi nitawamiminia bila kuwaonyesha chupa, mniambie ipi ni ipi. Na kila mtu aje na daftari lake la maelezo.

Jumamosi ndiyo leo.

Jumatatu jioni tulianza. Nilitandika kitambaa cheupe na kutoa kwenye boksi zile glasi sita zenye mguu mrefu nilizopewa kwenye kichen pati yangu, ambazo nilikuwa sijazigusa kwa kuogopa kuzivunja. Godi alikuwa na kijitabu cha ofisini chenye ramani ya Italia. Aliiweka katikati ya meza akaanza kunifundisha kama mwalimu mgeni anayependa darasa lake.

Barolo inatoka Piemonte, kaskazini, milimani. "Hapa ndiyo kwetu Kilimanjaro," alisema. "Baridi, ukungu, na watu wanaojiona."

"Umesema mwenyewe," nikamwambia.

Nero d'Avola ni ya Sicilia, kusini kabisa. Hapo akasema ndiyo kwetu mimi, Masasi, jua kali na watu wachangamfu. Kulikuwa na Chianti mbili za Toscana za wakulima wawili tofauti, mmoja shamba lake liko mlimani kwenye mawe, mwingine bondeni. Kulikuwa na Soave, nyeupe, kutoka Veneto. Na Amarone, nayo ya Veneto, ambayo zabibu zake huanikwa ndani miezi kadhaa mpaka zinasinyaa ndipo zinakamuliwa. Hiyo niliipenda kabla hata sijaionja. Nilifikiria mtu anayeweza kusubiri zabibu miezi yote hiyo, nikaona huyo angefaa kuolewa naye.

Kijitabu kilisema waonjaji hutema. Godi alikataa katakata. Kwao mtu akikupa kinywaji ukakitema mbele yake, umemtukana yeye na ukoo wake. Tukawa tunakunywa kidogokidogo, tunafunika, tunaendelea kesho yake. Ile Barolo tuliyoipenda kuliko zote tulishindwa kuifunika. Jumatano ikaisha.

Shajara yangu, zile zilikuwa jioni tamu! Nje wapagazi wanapiga kelele wapishwe njia, honi hazikomi, na sisi juu huku tumefumba macho, pua ndani ya glasi. Mume wangu akifumba macho anakuwa mzuri mpaka inaniuma.

Na kila alichonusa alikiandika. Kila mvinyo, hata ule mweupe, maelezo yake yalianza na maneno yaleyale: moshi wa mti mtamu.

Sasa naingia kwenye aibu yangu.

Sisi ni Wakristo wa Masasi, lakini nimekulia Ilala, na aliyenifunda ni jirani yetu Bi Mwanakheri. Mama yangu alimwomba mwenyewe, alisema kwa mambo ya nyumba hakuna mwalimu kama yule. Nilikaa naye siku saba. Moja ya mambo aliyonifundisha ni kwamba mume hapewi kinywaji kwenye glasi hivihivi. Unawasha kaa kwenye chetezo, unatia udi, unafunika glasi juu ya moshi mpaka ijae, halafu ndipo unamimina. Na mume asikuone ukifanya. Akute tu.

Nimefanya hivyo tangu siku ya kwanza ya ndoa, na glasi yake ya maji. Godi alikuwa akinywa, anatulia, anasema, "Maji ya Kariakoo yana ladha yake, bwana." Mimi nageuza uso nicheke.

Basi Jumatatu, yeye akiwa bafuni, nilizifukiza glasi zote sita. Jumanne pia. Jumatano, Alhamisi. Nilitia udi ule mzuri, wa harusi, nikiona siku kubwa kama hizi zinastahili. Mimi mwenyewe nilionja kwenye glasi hizohizo na sikusikia kitu. Pua yangu imeuzoea, ni sawa na mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake.

Jana, Ijumaa, duka ninalouza mapazia lilifungwa mchana kama kawaida, tajiri alipokwenda msikitini, nikarudi nyumbani. Mara hodi. Ni wifi yangu, Dada Ndeshi, dada mkubwa wa Godi. Anauza nguo za mitumba Mchikichini na alikuwa amemchagulia kaka yake mashati matatu ya kazi mpya, ambayo hata haijapatikana. Nakiri, namwogopa kidogo. Ana macho ya kukagua mshono.

"Shikamoo dada."

"Marahaba wifi. Mbona umekonda? Huyo anakula peke yake?"

Nilitaka kumfurahisha. Nikatoa glasi nzuri, nikaifukiza harakaharaka jikoni, nikammiminia Chianti ya mlimani. Akainusa. Akaonja. Akaiweka mezani taratibu.

"Wifi, huu mvinyo umetoka Italia au umetoka ukumbini?"

"Kwa nini, dada?"

"Unanuka bibi harusi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisimama, akajichukulia kikombe cha chai kabatini, akamimina kutoka kwenye chupa ileile. "Nusa hiki. Haya, sasa nusa glasi yako."

Nikanusa kikombe. Kulikuwa na zambarau mbivu ndani yake, na kitu kama jiwe lililonyeshewa mvua. Nikanusa glasi. Kulikuwa na mimi.

"Bibi yetu alikuwa na kata yake ya mbege," Dada Ndeshi akasema. "Siku moja nikaiosha kwa sabuni ya kunukia, nimfurahishe. Alinipiga nayo! Tangu siku hiyo naanza na chombo, pombe baadaye. Sasa niambie, kaka yangu wiki nzima anasoma nini? Si anasoma glasi huyu?"

Nikakaa.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia, dada."

"Leo."

"Leo."

"Maana ukinyamaza, mimi wifi yako nitalisema hili mpaka ubarikio wa wajukuu zako." Halafu akamalizia kikombe chote, akajifuta mdomo. "Lakini si mbaya. Chungu kidogo. Ingefaa na nyama."

Alipoondoka nilizichemsha zile glasi, nikazisugua kwa magadi na limao, nikazichemsha tena. Nikafungua madirisha yote. Na nilipokuwa nasugua, nilifikiria uongo.

Naandika hapa kwa sababu nimeahidi kuwa mkweli hapa. Nilifikiria kumwambia tu kwamba turudie masomo, kwa glasi safi, bila kueleza. Nilifikiria kumwambia chupa zimeharibiwa na joto. Nilifika mbali zaidi ya hapo: nilifikiria kunyamaza kabisa, aende, na akishindwa nimkande mgongo na kumwambia Mungu ana mipango yake. Nilijiona nikisema maneno hayo, kwa sauti laini, nikiwa na mafuta mikononi. Nikajiogopa.

Saa kumi na moja nikamsikia ngazini. Anapanda ngazi polepole siku hizi, mkono kiunoni. Aliingia uso unang'aa.

"Mke wangu, Deus amekwisha! Nimemuuliza kuhusu ule moshi wa mti mtamu, eti yeye hasikii moshi wowote. Kwenye chupa hata moja! Nimemwonea huruma, nusura nimfundishe."

Nikamwambia.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi, yote, tangu glasi ya kwanza ya maji.

"Moshi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hata kwenye maji?"

"Hata kwenye maji."

Alikaa. Alilishika daftari kwa mikono miwili. Kurasa nane, mwandiko wake ule wa kujitahidi. Alikaa kimya, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikujua nyuma ya kimya chake kuna nini. Mwishowe alisema, "Ungeniambia tu."

Basi. Hakupandisha sauti. Lakini imeniuma kuliko kelele, kwa sababu ni kweli. Nilidhani siri ile ni zawadi.

Halafu akavua shati la kazi, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya. "Zimebaki kiasi gani?"

Kila chupa ilikuwa na kama vidole viwili. Nilishuka mbio kwa mama lishe wa hapo chini, nikaazima vikombe sita vya chai. "Una wageni, mke wa Godi?" Nikamwambia nina mtihani.

Tukaanza upya, saa kumi na mbili kasoro, kukiwa bado na mwanga. Na mvinyo ukatoka! Soave ilikuwa na ganda la limao na lozi mbichi. Nero d'Avola ilinuka zambarau na pilipili manga. Amarone, ee Mungu wangu, zabibu kavu na tende, ungedhani mtu amefungua boksi la futari. Godi alishtuka kila mara, alinitazama, akaandika. Alikuwa anakutana na watu aliodhani anawafahamu. Chianti mbili ndizo zilimsumbua. Mawe na bonde, bonde na mawe, mara anapata, mara zinamponyoka.

Tulipofika kwenye Barolo niliipindua chupa juu ya kikombe. Likatoka tone moja.

Godi alilitazama lile tone muda mrefu. Halafu akaniambia twende tukale.

Leo asubuhi aliondoka na shati moja la Dada Ndeshi, la bluu, limemkaa kama limeshonwa kwa ajili yake. Nilimfunga vifungo mwenyewe. Mpaka saa nane dukani niliwakatia watu mapazia mafupi. Mama mmoja alinirudishia, akaniuliza kama dirisha lake nimelipima au nimeliota.

Amerudi saa tisa na nusu. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nimesimama mlangoni. Akakaa, akanieleza tangu mwanzo, maana Godi hawezi kuanzia katikati.

Mama, yule bosi wao, aliwamiminia glasi sita kila mmoja. Godi alizitambua Soave, Nero d'Avola na Amarone bila shida. Chianti akazigeuza, ya mlimani akaiita ya bondeni. Ikabaki moja. Aliinusa, akaandika Barolo. Mama akamuuliza ameijuaje.

"Ni hiyo tu ambayo sijawahi kuinusa, mama."

Deus akaguna. Mama akachukua daftari, akafungua kurasa za mwanzo, zile ambazo Godi alizipiga mstari.

"Huu moshi uliofutwa ni wa nini?"

Hapa Godi aliposimulia alinitazama. Angeweza kusema glasi zilikuwa chafu. Angeweza kusema chochote. Alisema, "Mke wangu ananifukizia glasi kwa udi, mama. Ndivyo alivyofundwa. Jana akaniambia, tukaanza upya."

Deus alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Aliuliza mvinyo ulikuwa umebaki kiasi gani. Vidole viwiliviwili. Akauliza, na zote sita ukazipanga upya kwa jioni moja? Tano, mama. Barolo tulikuwa tumeimaliza.

"Kwa nini hiyo?"

"Tuliipenda."

Hapo, anasema Godi, ndipo mama alipotaka kutabasamu akaghairi.

Deus alipata sita kwa sita. Mahoteli amepewa Deus, na ni haki yake. Nilipolisikia hilo nikainamisha kichwa. Niliona kontena zote zijazo, boksi juu ya boksi, na kile kiuno.

Lakini Godi hakuwa amemaliza. Mama aliwaambia ameamua kujaribu kuuza pia huku katikati ya jiji, maduka ya vinywaji na baa za Kariakoo, Ilala, mpaka kule Mnazi Mmoja, ambako muuzaji wake wa zamani aligoma kwa sababu kila alipomimina watu walimuuliza hii ina sukari? Akamgeukia mume wangu. "Huko watakuonjesha kwenye vikombe vya chai, kwenye glasi zilizonywewa bia, kwenye chochote. Deus atapotea siku ya kwanza. Wewe umeshapotea tayari, ukarudi. Miezi mitatu ya majaribio. Kubeba maboksi basi."

Kubeba maboksi basi.

Nimelirudia mara ngapi tangu saa tisa na nusu? Nimemrukia shingoni mpaka akasema mgongo, mgongo, nikamwachia, nikamrukia tena polepole.

Baadaye akatoa mfukoni kichupa cha maji, kile kidogo kabisa, ndani kuna mvinyo mwekundu uliopauka. Ni Barolo iliyobaki kwenye glasi yake ya mtihani. Aliomba ruhusa kuichukua. Alisema hakuona vizuri aijue peke yake.

Tumeimimina kwenye vikombe vya mama lishe, ambavyo bado hatujavirudisha. Nilifumba macho. Kwanza nikasikia lami, lami ya barabara mpya wakati wa jua. Halafu, nyuma yake, waridi lililoanza kukauka. Inabana fizi kama ndizi mbichi na haikuachii. Nilikaa nayo mdomoni nikifikiria kwamba wiki hii nilikunywa karibu nusu chupa ya kitu hiki na sikukutana nacho. Nilikuwa nimeketi mbele yake, nimekiwekea pazia langu la moshi.

Sitamfanyia tena Godi kitu chochote akiwa bafuni. Hata kizuri. Hasa kizuri. Nimemwambia hivyo, naye akasema sawa, ila surprise ya siku ya kuzaliwa anaitaka.

Kuna jambo moja amelisema mwisho, akiangalia pembeni. Mama amempa sharti: muuzaji wa mvinyo hajipaki manukato, wala nguo zake zisinukie kitu. Jumatatu mpaka Jumamosi. Maana yake udi usiwashwe kabisa ndani ya hiki chumba kimoja na sebule yetu, wala mashati, wala mashuka. Nilifikiria lile kopo la udi, bado nusu.

"Na Jumapili?" nikamuuliza.

Akafikiria, kwa uso mzito kabisa, kama anatafuta Chianti ya mlimani.

"Jumapili mama hakuitaja."

Sasa ameshuka kununua glasi nne za kawaida, zake za kutembea nazo kwenye begi. Namsikia chini anabishana bei na kucheka. Mimi nimekitoa chetezo, nimekifuta majivu, nimekiweka katikati ya sebule mahali anapoweza kukiona akiingia.

Kesho ni Jumapili.